Jaketi ya Tatu

Nianze na kosa langu, nisije nikaonekana mwerevu. Hadithi hii niliwahi kuisimulia kwa hoteli moja ya chai hapo Majengo, na niliisimulia kama kichekesho: fundi wa cherehani wa Nyeri, mtu ambaye hajawahi kuonja samaki wala kushika ndoano, ati ameenda kubuku safari ya kuvua baharini. Watu walicheka mpaka mandazi yakawapalia. Sikujua Wambugu mwenyewe alikuwa ameketi nyuma yangu na kikombe chake. Hakukasirika. Alimaliza chai, akanishika bega, akasema, "Umeisema vizuri. Ni vile tu umeacha jaketi ya tatu."

Halafu akavuta kiti, akanieleza. Kwa hivyo hii sasa ndiyo yenyewe, na jaketi ndani.

Wambugu anatengeneza cherehani. Duka lake ni chumba kimoja hapo Majengo, karibu na msikiti, na mlangoni ameandika kwa rangi nyekundu: TUNAREKEBISHA KILA KITU ISIPOKUWA NDOA. Ana diploma ya ufundi na hana mchezo na mashine, lakini na watu ni mchezo tu. Mama akimletea cherehani inayokata uzi, Wambugu anaiwekea sikio kama daktari, anauliza, "Ilianza kukohoa lini?"

Mkewe, Nyawira, aliolewa kwa sababu ya mchezo huo na akaishi nao. Siku alipojifungua Lynn, msichana wao, Wambugu alifika hospitali na uso mrefu. Akasema yule mbuzi wa supu ya mzazi amekufa njiani, basi tena, watakula sukuma wiki. Nyawira alilia. Alipofika nyumbani alimkuta mbuzi amefungwa kwa mlango, mzima, na utepe shingoni, na Wambugu amejificha nyuma ya tangi la maji akijizuia kucheka. Ndivyo alivyokuwa. Kitu kizuri hakupi mkononi. Anakificha kwanza, anakutia wasiwasi, halafu anakitoa ghafla. Mkumbuke huyo mbuzi, tutamhitaji.

Kabla ya Lynn walikuwa wamepata Kingori, aliyeitwa jina la baba yake Wambugu kama desturi inavyotaka. Alisomea ufundi wa stima. Miaka mitatu iliyopita, akiwa na ishirini na tatu, alipata kazi ya wiki tatu huko pwani, kuweka taa kwenye jeti ya nyumba moja ya wageni. Jeti ni daraja la mbao linaloingia baharini lakini halifiki ng'ambo. Linaishia tu hapo katikati ya maji, kama daraja lililochoka. Boti zinafungwa hapo, na wageni wanasimama mwisho wake wakivua. Siku ya kumi na mbili, mchana kweupe, plaizi, koleo la kukatia nyaya, ilimponyoka Kingori ikaanguka. Akashuka ngazi ya chuma iliyo huko mwisho aione kama imenasa kwa mbao za chini. Maji yalikuwa yanakupwa, yanatoka kwa nguvu. Mwenzake aliyekuwa juu alisema aliona mkono, halafu hakuuona tena.

Walitafuta siku tisa. Hawakumpata.

Wambugu alikaa huko siku zote tisa. Nyawira hakwenda, maana presha ilikuwa imempanda wakamlaza hospitali. Na tofauti yao ilianzia hapo. Wambugu aliyaona yale maji. Aliyaona yakiingia na kutoka, makubwa, hayana habari na mtu. Nyawira hakuyaona. Maji anayoyajua yeye ni ya mto Chania, ambayo mtu akianguka hapa, watu watamtoa pale chini amekwama kwa jiwe.

"Maji haiwezi kumeza mtu ikakosa kumtema," aliwaambia wote. "Mko na mwili? Hamna. Basi mtoto wangu ako mahali. Aligongwa kichwa akasahau kwao. Siku moja atakumbuka."

Na kila Jumamosi, miaka mitatu, akabadilisha shuka za kitanda cha Kingori.

Pasta alijaribu kuongea naye, akapewa chai na kuagwa. Ukoo ulipanga ibada mwezi wa nane, waweke jiwe shambani Gatitu karibu na kaburi la babu. Nyawira akasema atakayeinua jembe hapo aanze na yeye. Wambugu hakubishana. Alimfuata pasta nje mpaka kwa geti, akamwambia, "Nipe mpaka huo mwezi wa nane. Nataka nimpeleke aone maji. Akiyaona kwa macho yake, atajua. Asipoyaona, tutamzika huyo kijana na tumzike na yeye pia."

Shida ni kwamba tangu ile ajali jeti ilikuwa imewekewa geti. Wambugu alipopiga simu kuuliza, aliambiwa anayepita hapo ni mgeni aliyebuku kuvua, akiwa na mwongozaji, basi. Hawakumwuliza anataka kwenda kufanya nini, na yeye hakusema. Hivyo ndivyo fundi wa Nyeri alivyoanza kutafuta samaki.

Nanyuki kuna ofisi ndogo inayopangia watu safari za pwani. Mwenyewe ni dada anaitwa Zeynab, binti wa Garad, mfanyabiashara mmoja wa ng'ombe. Wambugu alikwenda Jumanne asubuhi, amevaa koti la kanisa. Mpaka anaingia alikuwa amejipangia maneno: safari ya mapumziko, watu wawili, jeti ile, siku moja. Akikaribia kulia, acheke.

"Karibu mzee. Umewahi kuvua?" Zeynab aliuliza, vidole vyake tayari kwa kompyuta.

"Mimi nikiona samaki tunasalimiana, kila mtu anaenda kwao."

Zeynab alicheka. "Sasa mbona unamfuata kwake?"

"Nimechoka kungoja anitembelee."

"Haya. Mnajua kuogelea?"

"Beseni ikijaa sana, naweza."

"Mzee, hii ni fomu, nitaandika nini?"

"Andika hapana."

Akaandika hapana. Akamweleza vile itakuwa. Mwongozaji atawangojea kwa geti na fimbo za kuvulia na chambo. Atawaonyesha kutupa uzi na kukaa mbali na nguzo. Saa itafuata maji: tarehe kumi na sita waliyopangiwa yatajaa saa nne asubuhi, na maji yakijaa ndipo samaki wanasogea karibu. Mtakachovua mnapikiwa hapo hapo.

"Hapo kwa kupikiwa," Wambugu alisema, "weka viazi. Mama ni mtu wa Nyeri kamili. Samaki akiwekwa kwa sahani na macho yake, ataomba msamaha."

"Viazi, sawa. Na kila mtu lazima avae jaketi ya kuelea, hata kama hamwingii boti. Wako strikti sana na hiyo." Alishusha sauti kidogo. "Kuna kijana wa huku kwetu mlimani alipotelea hapo, miaka kadhaa sasa."

"Nimesikia," Wambugu alisema.

Akaangalia kalenda iliyokuwa ukutani, akaisoma yote, Januari mpaka Disemba.

"Kwa hivyo mtakuwa wangapi?"

Sasa hapa lazima nisimame kidogo, kwa sababu mtu ambaye si wa huku anaweza kuona kosa la Wambugu ni la mlevi. Wazee wetu hawahesabu watu wao. Kumpigia mtoto hesabu kama gunia ni kuita mabaya. Mama yake Wambugu alizaa tisa au kumi, hakuna anayejua sawasawa, maana akiulizwa alijibu, "Wamejaa kitanda." Ukitaka kujua walioko nyumbani kwao, unatajiwa majina, moja moja, kwa mpangilio ule ule wa siku zote, mpaka yaishe. Wambugu ana diploma, anajua mbili na mbili, lakini hilo hajaweza kuliacha. Hakusema wawili. Alifungua mdomo, na majina yakatoka yenyewe vile yametoka kila siku akiombea chakula tangu Lynn aolewe.

"Wambugu, Nyawira, Kingori."

Zeynab akaandika. "Kingori ni kijana wenu?"

"Ndio."

"Ana miaka?"

"Ishirini na tatu."

"Ni mwembamba kama wewe? Ni ya saizi ya jaketi."

"Amenipita urefu. Lakini mabega ni ya mama yake."

Mashine ikasukuma karatasi nje. Wambugu alitaka kusema, dada, nimekosea, toa huyo wa mwisho. Alikuwa amekwisha inua kidole. Halafu akaona jina. Kwa miaka mitatu kila karatasi yenye jina la Kingori ilikuwa ya polisi au ya hospitali za maiti walizozunguka. Hii ilikuwa inasema Kingori anasafiri tarehe kumi na sita, na baba na mama yake, na asipewe chambo cha kamba wa baharini kama kinamletea mwasho. Akakishusha kile kidole.

Nitampigia kesho amtoe, alijiambia. Kesho si mbali.

"Nipe nambari ya mtu wa karibu, nikikukosa," Zeynab alisema.

Wambugu alitoa nambari ya Nyawira. Ilikuwa ndiyo pekee aliyoijua kwa kichwa.

Kesho ikafika, na Wambugu hakupiga. Jumatano alikuwa na cherehani sita za shule. Alhamisi stima ilipotea Majengo tangu asubuhi, na simu yake ikazima ikiwa juu ya meza kati ya mafuta na sindano. Saa tisa hivi stima ikarudi. Simu haikuwa hata imeshika moto vizuri kabla ya kulia. Ilikuwa Lynn, aliyeolewa Sagana.

"Baba." Alikuwa analia, lakini kilio ambacho Wambugu hakukielewa, kilio cha mtu anayekimbia kuelekea kitu. "Baba, ni ukweli? Amepatikana?"

"Nani?"

"Wacha hiyo mchezo yako leo, tafadhali! Mama amenipigia. Ati kuna msichana wa Nanyuki amepiga kwake akiuliza Kingori anavaa saizi gani ya jaketi. Ati mko na yeye kwa safari. Mama akamwuliza mara mbili, Kingori mgani, msichana akasema Kingori wa Wambugu, miaka ishirini na tatu, anaenda na baba yake. Baba, ako wapi? Ako Nanyuki?"

Wambugu alikaa juu ya kigoda cha wateja.

"Lynn," alisema, "mama amesema nini?"

"Amesema nisikuambie anajua. Ati umemficha kama ule mbuzi. Ati ndio maana ulivaa koti ya kanisa Jumanne." Akavuta kamasi. "Baba? Mbona hucheki?"

Alimwambia ukweli hapo hapo, kwa maneno machache. Upande ule wakabaki kusikika kuku tu wa Lynn, na mwisho simu ikakatika. Wambugu akafunga duka. Mteja mmoja alimwita, "Fundi, na yangu?" Kwa mara ya kwanza tangu afungue lile duka, alipita bila kumrudishia neno.

Kutoka barabarani Gatitu aliliona shati. Lilikuwa limetundikwa peke yake kwenye kamba, lile la bluu la Kingori, limefuliwa na kunyooshwa, mikono imefungwa vibanio isiguse ardhi. Mlango ulikuwa wazi. Harufu ilimpata kwa kizingiti: njahi, yale maharagwe meusi, na mukimo wa viazi uliopondwa na siagi, chakula cha mgeni ambaye si mgeni. Na Nyawira alikuwa anaimba. Si wimbo wenyewe, ni ule mvumo wa pua anaoufanya akiosha vyombo. Wambugu alikuwa ameusahau. Alisimama hapo nje akausikiliza mpaka ulipokatika, kwa sababu alijua ni yeye anakwenda kuumaliza, na alitaka angalau aumalize mwenyewe.

"Umerudi mapema," Nyawira alisema. Hakumwangalia usoni. Alikuwa ameuma midomo yake ndani, kama mtoto aliyeona zawadi juu ya kabati na anataka kuonekana hajaona.

"Stima ilipotea."

"Ngai, hii stima. Chai?"

"Bado."

"Leo nimejisikia tu kupika. Hakuna sababu." Akafunika sufuria, akaifunua, akaifunika tena. Alikuwa amevaa kitambaa cha kichwa alichokivaa harusi ya Lynn. "Hata nimesafisha kile chumba. Hakuna sababu pia."

"Mama Kingori."

"Mm?"

"Niko na kitu ya kukuambia."

"Uko na kitu ya kuniambia!" Hakuweza tena. Kicheko kilimtoka, akajiziba mdomo na mkono wenye unga wa chapati, akavuta kiti akaketi, magoti pamoja, mikono mapajani, vile mtu anavyokaa kupigwa picha. "Ngoja. Ngoja nikae vizuri. Haya. Niambie pole pole. Mimi sijui kitu."

Wambugu amewahi kuniambia kwamba katika maisha yake amepanga maneno mara nyingi ili watu wacheke, na hajawahi kupanga hata moja kwa ajili ya siku kama hiyo. Akabaki amesimama.

"Huyo msichana wa Nanyuki alikosea. Hapana. Mimi ndio nilikosea. Nilienda kubuku tukaone ile jeti, mimi na wewe. Nilitaka uone maji. Akaniuliza tutakuwa wangapi, nikataja watu wa nyumba. Nikamtaja."

Uso wa Nyawira ulikuwa bado unacheka. "Wewe, wacha mchezo."

"Si mchezo."

"Wambugu." Alikaza macho. "Wacha mchezo. Umemweka wapi? Ako kwa nani?"

"Si mchezo, mama. Sijampata. Hakuna mtu amempata."

Aliangalia nyuma yake Wambugu, kwa mlango, pale mbuzi angekuwa. Aliangalia kwa muda mrefu, kana kwamba akiangalia vya kutosha kile kizingiti kitaona haya.

"Wacha mchezo," alisema mara ya tatu, pole pole kabisa, na sasa hakuwa anamwambia Wambugu.

Sufuria ilichemka ikamwagika juu ya jiko, na hakuna aliyeinuka. Baadaye Nyawira alitoka nje akaenda kwa kamba. Wambugu alimwona kwa dirisha akitoa vibanio, kimoja, kingine, akivishika mdomoni. Akarudi na shati mkononi, akaliweka mezani, akalikunja vile linakunjwa dukani, kola juu. Alikuwa halii. Hilo lilimwogopesha Wambugu kuliko kama angelia.

"Hiyo jeti," Nyawira alisema. "Ngazi iko upande gani?"

Ilikuwa mara ya kwanza kwa miaka mitatu kuuliza. Wambugu akaketi. Akamchorea kwa kidole kwenye unga uliomwagika mezani: hapa ni geti, hapa ni mbao, zinaenda, zinaenda, hapa zinaishia. Ngazi ni hapa, mkono wa kushoto.

"Na alishukia plaizi."

"Alishukia plaizi."

"Plaizi tu? Si angenunua ingine."

Wambugu alifuta ile ngazi na kiganja, akaichora upya, mahali pale pale. "Ilikuwa ile yangu, ya mpini nyekundu. Nilimpatia siku anaenda. Nikamwambia, ukiipoteza hii usirudi kwangu nyumbani." Akafuta kidole kwenye suruali. "Nilikuwa nacheka. Hapo kwa mlango, watu wakiwapo, wewe ulikuwa ndani unamfungia chapati. Nilikuwa nacheka, Nyawira."

Nyawira alimwangalia. Kule jikoni maji yaliyomwagika yalikuwa yameanza kunuka kuungua.

"Alijua ni mchezo?"

"Sijui."

"Alicheka?"

"Alicheka. Lakini yeye alicheka kila kitu yangu. Sijui."

Jirani mmoja alipita nje akaita, "Baba Kingori, mko salama?" kama anavyoita kila jioni, na Wambugu akajibu tuko, maana jina hilo ndilo ameitwa asubuhi na jioni kwa miaka ishirini na sita, na halina geti wala ibada ya kulifunga.

Nyawira alisogeza lile shati mbali na unga. Akaangalia mchoro. Akaweka kidole chake pale mbao zinapoishia, akakiacha hapo.

"Nitaenda," alisema. "Hiyo tarehe yako. Nitaenda nione." Akapumua. "Pasta mwambie angoje mpaka nirudi. Nikirudi nitamwambia mimi mwenyewe."

"Sawa."

"Samaki sivui. Wavue wao."

"Hakuna atakuambia uvue."

"Na huyo msichana, usimpigie amtoe Kingori. Mwache hapo kwa karatasi." Alikuwa bado anaangalia unga. "Hiyo jaketi ya tatu waje nayo. Mwambie mwongozaji aifunge hapo kwa ngazi, chini kabisa, mahali mtu akiwa kwa maji anaweza kuifikia. Tukiondoka waiache. Utamwambia?"

Wambugu aliangalia mikono yake. Ilikuwa na mafuta ya mashine kwenye kucha.

"Baba Kingori," Nyawira alisema. "Mwambie aifunge vizuri. Utamwambia?"